Kapteni Kachiti

Mimi nina hasira za karibu, na siku akaunti yangu ya gemu ilipofungwa nilimtukana mtu ambaye hata sijui kama ni mtu. Nilikuwa bandani kwangu pale Lusahunga, ninakoshona nguo, suruali ya dereva wa lori iko chini ya sindano na mwenyewe anasubiri amejifunga kitenge changu. Nikafungua simu nione kama wenzangu wako hewani. Nikakuta maandishi kwamba akaunti imefungwa moja kwa moja, kwa kosa la kutumia programu ya kuona maadui nyuma ya kuta. Nikawaandikia wenye gemu kwa maneno makali kwamba mimi sijawahi kuchiti. Wakajibu kwa upole unaoudhi: yanayofanyika ndani ya akaunti ni ya mwenye akaunti.

Gemu lenyewe ni la kulengana risasi, kikosi kwa kikosi, kila mtu na simu yake alipo. Kikosi changu kilikuwa na watu wa Kahama, Mwanza, Kibondo. Hatujawahi kuonana, tunajuana kwa sauti. Nilikianzisha mimi na wakaniita kapteni. Pale Lusahunga mimi ni dada wa cherehani, basi, hakuna anayeniuliza tupite wapi. Kikosini waliniuliza, na nilipenda sana kuulizwa. Mashindano yalikuwa yamekaribia, na sheria ya kikosi niliitunga mwenyewe: anayechiti anatoka. Nilishamtoa mwenzetu mmoja wa Geita aliyejitetea kwamba simu alikuwa nayo kaka yake. Nilimcheka hewani, wote wakisikia.

Aliyeniharibia sikuhitaji kumtafuta mbali. Siku chache kabla nilikuwa nimekwenda nyumbani Kirushya kuvuna maharage. Kwetu simu ni kama mtungi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi: umekaa katikati na kila aliyekuja anatia mrija wake. Ukimnyima ndugu mrija, umemtangazia ugomvi. Ukiweka neno la siri ambalo ndugu hawalijui, mama mdogo atakuuliza mbele ya watu unaficha bwana gani. Kwa hiyo neno langu la siri lilikuwa jina la kijiji, simu na gemu vyote neno hilo hilo, na nyumba nzima ililijua. Niliposhuka shambani simu ilibaki kwenye chaji, na mtoto wa mama mdogo akakaa nayo. Ni fundi pikipiki, ana mke na nyumba yake, si mtu wa kusema hajui alitendalo.

Nikampigia. Hakukataa. Alisema alichoka kuuawa kila akiingia, rafiki yake akampa hiyo programu, akaiwasha kidogo tu, na aliposhinda akafurahi kwa niaba yangu. Kwa niaba yangu, jamani! Nilimwambia maneno nisiyoweza kuyaandika, kwa sababu mama yake bado namwamkia. Akaomba radhi, akasema yuko tayari kuwaeleza wenzangu kwa sauti yake mwenyewe.

Hapo nikamkumbuka yule wa Geita. Simu alikuwa nayo kaka: ndiyo nilitaka niende kuwaambia. Nikakata simu, nikamalizia suruali ya dereva, vibaya, ikabidi niifumue. Alipoondoka nikatuma sauti kwenye kundi letu: "Akaunti yangu imefungwa kwa kuchiti. Neno la siri nililitoa mimi. Sheria mnaijua, nimetoka."

Nilitegemea wanibembeleze. Wa Kahama akaandika pole kapteni, wa Kibondo akauliza nani atashika nafasi, na kabla sijafunga banda walishachagua kapteni mwingine. Iliniuma. Yule wa Geita nilimtafuta nikamwomba radhi kwa kumcheka. Alisema sawa, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe. Nikafungua akaunti mpya, nikaanza na ile bunduki mbovu wanayopewa wanaoanza.

Nilipokwenda tena Kirushya, baada ya shikamoo na marahaba, mama mdogo akaniambia nimpe mwanawe simu acheze kidogo, tangu siku ile amekuwa mnyonge. Ndugu walikuwa wamezunguka mtungi.

"Mama, simu yangu siitoi," nikasema. "Nitamfungulia akaunti yake."

Mama mdogo akauliza kama sasa ni ugomvi. Nikasema si ugomvi, nikavuta kigoda nikakaa ubavuni kwa mwanawe. Kwenye simu yake nikamwelekeza hatua kwa hatua: namba, jina, picha. Tulipofika kwenye neno la siri alisita, akanitazama, kisha akafunika kioo kwa kiganja chake chenye grisi, nisione.

Moyo uliniuma, nisidanganye. Kisha nikageuza uso upande wa migombani mpaka alipomaliza kuandika.