Msasa kwenye Mlango wa Kulia

Asubuhi moja kule Suma haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na ile picha uliyonitumia kwenye simu imeirudisha upya. Nimeliona gari la marehemu baba yako hapo Nkunga, la Kiingereza, viti viwili, boneti refu, limekaa bandani na kuku juu yake. Nimesoma na maneno yako pia. Unataka kulikwangua lote, kulipuliza rangi nyekundu, kulitia injini ya Toyota, halafu utafute mteja. Ukauliza kama nitakuazima kompresa. Kompresa ninayo na sijakunyima, ila kwa kuwa umekuja mwenyewe, kaa unywe chai. Mzee akishaacha ufundi hubaki na mdomo tu, na huo nao hautaki kukaa bure.

Wakati huo nilikuwa kijana, fundi mdogo kwenye gereji ya Fundi Salum hapa Tukuyu mjini, nyuma ya duka lake la vitambaa. Nilijua kunyoosha bodi na kupuliza rangi, basi nikajiona nimemaliza kila kitu. Fundi akaniagiza nitangulie Suma kwa Mama Tusekile, mjane wa Mzee Ambokile. Mzee huyo alikuwa dereva wa meneja Mwingereza kwenye shamba la chai, na meneja alipoondoka akamwachia gari lake dogo la spoti. Gari lenyewe tumbo lilikaribia kugusa chini, na wewe unazijua njia zetu mvua ikishika. Liliendeshwa kiangazi, likaharibika, likalala. Mzee akalijengea banda, akalifunika kwa majani makavu ya migomba, na miaka yote iliyofuata hakumruhusu mtu kulifungua hata nati. Ndugu walitaka magurudumu ya mkokoteni, akawanyima. Majirani walimcheka, wakasema Ambokile anaatamia chuma.

Alipofariki, mdogo wake akataka kulikata vipande awauzie watengeneza sufuria. Mama Tusekile akamwomba asubiri, maana Fundi Salum alikuwa amempata Mzungu mmoja huko Mbeya anayependa magari ya aina ile. Shemeji akakubali shingo upande: Mzungu akilikataa, msumeno unaingia siku hiyohiyo. Kwa hiyo mama wa watu hakuwa anauza gari tu. Alitaka kujua kama mumewe, aliyemwamini maisha yake yote, alikuwa na akili zake.

Sasa wewe umekulia mjini, huenda hili hulijui. Huku kwetu mgeni akitarajiwa nyumba husilibwa upya, ukuta na sakafu, na hakuna kitu kinachoachwa na sura ya jana. Nilipofika Suma wanawake walikuwa wameshamaliza nyumba, udongo bado unanukia ubichi, na sasa wamelizunguka gari wakiwa na majivu na yale mawe mepesi yenye matundu tunayosugulia miguu. Kumwonyesha mgeni kitu chenye vumbi ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Na mimi, badala ya kuwazuia, nikavua shati. Nilikuja na msasa, na kopo la rangi ya bluu iliyobaki tulipopuliza lori la ndizi. Nikaanza na mlango wa kulia. Rangi ya kijani ikatoka unga, bati likaanza kung'aa, wanawake wakanisifia. Nilifurahi sana, sitakuficha.

Fundi Salum akatokea kabla ya mgeni. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliuchukua msasa mkononi mwangu, akaukunja vizuri, akautia mfukoni mwa kanzu.

"Nani kakutuma?"

"Mgeni anakuja, Fundi. Tukasema tulisafishe kidogo."

"Rangi hii uliyoitoa, unaweza kuirudisha?"

"Ipo ya bluu, Fundi."

"Sikuuliza bluu."

Akawaomba akina mama kwa adabu wapumzike, kisha akaniambia nilale chini, na yeye na kanzu yake nyeupe akalala pembeni yangu. Alinimulikia kwa tochi. Akanisomesha namba iliyogongwa kwenye kibati cha bodi, halafu namba iliyo kwenye injini yenyewe, halafu zote mbili kwenye kadi ya gari aliyoiacha meneja. Zilipatana. Tulipotoka chini akafunua zulia nyuma ya viti, na pale rangi ilikuwa kijani kilekile cha nje, ile ya kiwandani, haijaguswa na fundi yeyote.

"Mtu anayejua magari haya atalipia hiki," akasema. "Mlango wako huo utamfanya aulize tunaficha nini."

Nikamuuliza, kama ni hivyo, basi kila kitu cha zamani ni mali? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa na mtoto mdogo. Akachukua bisibisi, akaigonga sakafu ya gari kwa mpini, hapa na pale, akisikiliza, kisha akaichokoa kwa ncha akitafuta kutu. "Bisibisi ingezama hapa," akasema, "ningemwambia shemeji alete msumeno mwenyewe. Kuzeeka peke yake si sifa." Haikuzama. Yale majani ya migomba na lile banda vilikuwa vimefanya kazi yake.

Lakini aliona na mengine. Kabureta ilikuwa ya gari jingine, na viti vilishonwa upya kwa ngozi ya ng'ombe, kazi ya mikono ya Mzee Ambokile. Fundi akasema mgeni ataambiwa yote mawili. Mimi nikanong'ona kwamba tuyanyamazie, huenda asiyaone.

"Akigundua moja mwenyewe," akanijibu, "hata zile namba hataziamini tena."

Mgeni alifika, mzee mpole mwenye Kiswahili cha kuungaunga. Shemeji alikuwa ameegemea nguzo ya banda, msumeno mkononi, wala hakuuficha. Fundi akaeleza kabureta, akaeleza viti. Mgeni akafika kwenye mlango, akaupapasa, akauliza, "Hapa nini?" Fundi akanitazama mimi. Nikasema ni mimi, asubuhi hii, na masikio yalikuwa yanawaka. Yule mzee alifumba macho kidogo, kisha akacheka, akaomba mkeka, akaingia uvunguni. Alikaa huko mpaka Mama Tusekile akaenda kukaa kwenye kizingiti.

Alipotoka, shati limechafuka lote, alikwenda kwenye viti, akaipitisha mikono kwenye ile mishono. "Nani kushona?"

"Mume wangu," mama akasema.

"Hii si ya kiwanda," akasema. "Lakini mimi sitoi. Gari hii, mtu amelinda." Bei aliishusha kwa sababu ya kabureta na mlango wangu, na hakuna aliyebisha, maana mengine yote aliyaamini.

Mama Tusekile akasema "ndaga fijo", asante sana, kisha akamgeukia shemeji yake taratibu. "Umesikia? Kaka yako alikuwa anatunza." Shemeji akauegesha msumeno ukutani, akaja kutusaidia kulisukuma gari nje ya banda. Nilimwona akijifuta machozi kwa kiwiko.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Kitu cha wazee usikiguse kabla hujakijua. Lala chini yake, soma namba zake, gonga sakafu yake, uone kipi ni cha asili na kipi kiliongezwa na nani. Rangi mpya utaipata siku yoyote, ile ya kwanza ukiitoa imekwenda. Na mnunuzi akija, mwambie na mabaya. Tukikuta sakafu ya gari la baba yako imeliwa na namba hazipatani, sitakuzuia. Nitaileta kompresa mwenyewe tulipulize hiyo nyekundu yako. Lakini tukikuta baba yako naye alikuwa anatunza, ungependa uwe umeshalikwangua?

Mungu akubariki, akupe subira mikononi na ukweli mdomoni, na siku moja wanao wakute ulichotunza wajue ulikuwa na akili zako. Haya, maliza chai. Tochi iko juu ya kabati. Mkeka nitaubeba mimi.