Maua ya Mama Yaliyonukia Jioni

Jumatano. Asubuhi mvua, mchana jua, sasa kumetulia. Nimepita kwa jirani, harufu ile ya maua ya mama ikanisimamisha.

Sijui kama nakumbuka sawasawa. Nilipokuwa mtoto, majirani zetu walifagia uwanja mpaka ukabaki udongo mtupu. Mama aliacha nusu ya uwanja wetu iote maua meupe ya porini, aliyoyachimba kando ya njia ya kwenda Ggaba. Hayakutaka kumwagiliwa. Mchana ungesema ni magugu tu. Jioni yalifunguka, yakanukia mpaka ndani.

Jioni moja wakaingia askari wawili, wakamkuta baba uwanjani. Majani yalikuwa yamewafika kiunoni.

"Mzee, hii pori ya nini? Unaficha nani?"

Miaka ile ya utawala wa kijeshi watu walichukuliwa kwa jambo dogo kuliko hilo, wasirudi. Baba akacheka kicheko nisichokijua.

"Afande, ni huyu mwanamke. Hana akili. Anapanda magugu."

"Kweli, mama? Wewe mwenda wazimu?"

Mama alikuwa mlangoni, sisi watoto nyuma yake.

"Ndiyo, mwanangu," akasema.

Wakacheka sana, wakakanyagakanyaga maua, wakaenda zao.

Kwa haki, siwezi kumlaumu baba. Pengine maneno yale ndiyo yaliyomwokoa asichukuliwe. Ila aibu ilitushika sote, hakuna aliyeweza kumtazama mama.

Jioni hiyo tulikula matoke na mchuzi wa karanga. Mama alimpakulia baba kwanza, kama siku zote. Baba akamwambia asante, neno ambalo hatukuwahi kumsikia akilisema mkekani.