Mjomba Aliyekuwa Ndani ya Taa

Mpaka nilipoota ndevu za kwanza, mimi niliamini kwamba umeme wa mji wetu wa Likasi unatengenezwa kwa vichwa vya wanafunzi wa Math-Physique. Usicheke, ndugu yangu. Niliamini kama wewe unavyoamini kwamba kesho kutakucha. Mwanafunzi anamaliza masomo yake ya hesabu na fizikia, anamwagiwa pauda kichwani, watu wanaimba, na baada ya siku chache haonekani tena mjini. Amepelekwa mahali. Wamemfungua kichwa polepole kama unavyofungua boga, hesabu zote zilizomo zimemiminwa kwenye nyaya, na sisi huku tunapata mwanga wa kulia bukari, ugali wetu. Umeme ukikatika, na kwetu ulikatika kuliko ulivyowaka, maana yake ilikuwa wazi: wanafunzi wameisha.

Nimeyakumbuka haya mwezi uliopita, siku ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu kuniambia kwamba nimefaulu mtihani wa taifa. Nimefaulu katika Math-Physique ileile. Siku hizi wakubwa wameiunganisha na sehemu nyingine ya masomo na kuipa jina jipya, lakini katika mtaa wetu jina ni lile la zamani. Nimeisoma jioni, baada ya kazi, katika umri ambao wenzangu wanasindikiza watoto wao shuleni. Madawati yale yalichongwa kwa ajili ya viuno vya watoto. Kila niliposimama kujibu swali, dawati lilisimama pamoja nami.

Sasa kwa desturi yetu, aliyefaulu hatembei na kichwa kisafi. Lazima amwagiwe pauda nyeupe, ile ya watoto wachanga, mpaka aonekane ametoka kulala ndani ya gunia la unga. Na mimi nilijua ni mkono wa nani unaostahili kunimwagia. Nikapanda kilima kwenda kwa nyanya yangu aliyemzaa mama. Sisi tunasema kambo.

Nyumba ya kambo ndiko nilikolelewa. Ilikuwa nyumba ndogo ya matofali, lakini kwa jinsi tulivyojaa mle ndani, ungedhani ni kituo cha treni. Uani kulikuwa na mpera ambao majani yake hayakuwahi kuwa ya kijani wakati wa kiangazi, kwa sababu vumbi jeupe la machimbo ya chokaa ya Kakontwe lilikuja na upepo likakaa juu yake kama mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha kiwanda, ambacho nakuapia kilisikika mpaka Zambia. Kazi yangu ilikuwa kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, kulipepea kwa kipande cha katoni mpaka makaa yawe mekundu. Kisha kambo aliweka sufuria, akaanza kusonga bukari, na harufu ya viwavi wakavu wakikaangwa pembeni ilinifanya nimeze mate kama mto Lufira wakati wa mafuriko.

Ukutani sebuleni, chini kidogo ya taa, kulikuwa na picha ya mjomba. Alikuwa mtoto wa kiume pekee wa kambo. Katika picha ile kichwa chake kilikuwa cheupe chote kwa pauda, macho ameyafumba, mdomo wazi. Watu wazima walisema anacheka. Mimi nilimtazama sana mtu yule, na niliona analia.

Jioni moja, nikiwa mdogo, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, nilimuuliza kambo mjomba yuko wapi. Alikuwa ameinama anapuliza makaa, moshi machoni. Akajibu bila kugeuka:

"Math-Physique njo ilimukula."

Ndiyo iliyomla, alisema, na palepale, ndugu yangu, sekunde ileile, taa ikawaka.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi niliunganisha nyaya mbili kichwani mwangu na zikashika moto. Kesho yake niliwaeleza watoto wote wa mtaa. Baada ya wiki mbili hadithi ilinirudia kutoka kwa mtoto wa mtaa wa tatu, imenona, ina mikono na miguu, ina gari jeusi linalokuja kuchukua watu. Sikutambua kwamba ni ile yangu. Niliposikia mtu mwingine anasema ninachokijua, nikaamini mara mia.

Tangu siku hiyo, kila taa ilipowaka nilisimama chini yake na kusema kwa sauti ndogo, "Jambo, mjomba." Ilipomulika na kufifia, nilijua ananijibu. Ilipozimika, nilimwombea apumzike.

Uvumi hukua pamoja na mtoto. Nilipofika sekondari nilianza kuona haya kuhusu vichwa na nyaya, lakini shaka yenyewe haikuondoka, ilibadilisha nguo tu. Sasa nilisema si umeme, ni Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani. Mgodi ule walisema umefungwa, lakini kila mtu alijua kuna watu wanaingia kwa siri kuchimba, na mimi nikajiambia kwamba mawe yale mabaya yanahitaji mtu mwenye hesabu wa kukaa nayo. Tena nilikuwa na ushahidi. Nilipita mlango kwa mlango katika mtaa wetu. Waliosoma Ualimu, wapo, wanafundisha. Waliosoma Commerciale, mambo ya biashara, wapo, wanauza sukari. Waliosoma Math-Physique? Hakuna hata mmoja. Picha ukutani, kichwa cheupe, basi. Nilikuwa mwanahesabu mzuri, unaona, na hesabu yangu yote niliitumia kuikimbia hesabu.

Na tatizo langu lilikuwa hilo hasa: namba zilinipenda. Mwalimu wa hesabu, ambaye tulimwita Prof, alikuwa mwembamba kiasi kwamba akigeuka upande darasa zima lilimtafuta. Viatu vyake vilimeta, mikono yake daima ilikuwa nyeupe kwa chaki. Nyeupe! Mimi niliiangalia mikono ile nikafikiria pauda ya mjomba. Kila nilipotoa jibu sahihi, alitabasamu na kuandika kitu kidogo pembeni ya jina langu. Wenzangu wangefurahi. Mimi jasho lilinitoka. Mbuzi anayesifiwa unene hana sababu ya kucheka.

Mwaka wa kuchagua ulipofika, kila mtoto alipaswa kusema anaingia sehemu gani kwa miaka iliyobaki. Ukishaingia, umeingia. Jumamosi moja alasiri nilikuwa uani natwanga sombe, yaani kisamvu, kambo anachagua majani, lango likalia. Prof. Viatu vinameta, jasho limemchora mgongoni. Kambo alimpa kiti na kikombe cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, maana kwetu hata adui hunywa kwanza.

Prof akasifu mpera. Akasifu munkoyo. Nilihesabu sifa zake kama mtu anayehesabu hatua za mwizi. Mwisho akasema:

"Mama, batoto bengi banajua kuhesabu. Huyu anajua kufikiri. Iko na kichwa."

Mchi ulisimama hewani.

"Kichwa yake," kambo akasema bila kuinua macho, "itabakia hapa juu ya shingo yake."

Prof akacheka. Alicheka peke yake.

"Mama, minakuomba. Unipatie huyu mutoto kwa Math-Physique. Sehemu yetu inabakia na batoto kidogo sana. Kama hatupate bengine, itafungwa."

Sasa kumbuka, wiki ile yote tulikuwa hatuna umeme. Likasi nzima ilikuwa gizani, na mtu huyu amekaa uani kwetu anasema watoto wamepungua. Nilishika mchi vizuri zaidi.

"Kumupatia weye?" kambo akauliza.

"Eeh, mama."

"Nilishapatiaka moja."

Akanyoosha kidole chenye utomvu wa majani kuelekea dirishani, ambako picha ilionekana ukutani. Prof akageuka, akaitazama. Akavua kofia yake.

"Huyu nilimufundisha minye mwenyewe," akasema. "Alikuwa wa kwanza kila mwaka."

"Sasa eko wapi?"

Prof aliinua kikombe akanywa, akanywa tena kikiwa kimeshakwisha. Na mimi nilisema moyoni: amekiri. Mbele yangu, mchana kweupe, mtu amekiri.

Baadaye akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na weye, papa, unataka nini?"

"Commerciale, Prof."

"Commerciale? Weye? Juu ya nini?"

"Bale ba Commerciale banabakiaka."

Nakumbuka kambo aliacha kuchagua majani. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu aliyeletewa zawadi na hajui aiweke wapi. Prof alivaa kofia, akashukuru kwa munkoyo, akaondoka. Jioni ile nilipewa samaki mkubwa wa Kapolowe peke yangu, kuanzia kichwa mpaka mkia, na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Basi nikasoma Commerciale, na ilinichosha kama mkutano wa wakwe. Mwaka wa mwisho sikuumaliza. Nikapata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka Kasongo. Unajua alinipanga wapi? Upande wa nyaya na balbu. Mungu naye ana utani wake. Siku nzima wateja walinieleza nyumba zao, taa ngapi, friji, redio, nami niliwaambia waya gani utabeba mzigo huo na upi utawachomea nyumba. Sikufundishwa na mtu. Siku moja mzee akaweka tasbihi yake chini, akasema:

"Weye unaficha kichwa kama muntu anaficha deni. Kuna masomo ya magaribi pale. Enda."

"Nimekuwa mukubwa, baba."

"Kichwa ilikuambia imezeeka? Enda. Duka nitafunga minye."

Nikaenda. Ile ndiyo safari iliyoishia kwenye ujumbe wa simu.

Siku ile napanda kilima kwenda kwa kambo, nilipita kwenye shule yangu ya zamani. King'ora hakilii tena, siku hizi watu wanaamshwa na simu zao, kila mmoja kwa wimbo wake. Mijakaranda ya barabarani imebaki michache, inamwaga maua yake ya zambarau juu ya pikipiki. Nilichungulia dirisha la chumba cha Math-Physique. Ndani kulikuwa na vyerehani, na wasichana wamejiinamia wanashona mikono ya sare. Prof alisema kweli: watoto walipungua, sehemu ikafungwa. Juu ya ubao, chini ya chokaa mpya, bado unaweza kuona pembetatu moja kubwa iliyochorwa kwa rangi, imekataa kufutika. Yeye mwenyewe, niliambiwa, anafuga samaki huko Kapolowe. Nilisimama pale kidogo nikitafuta mahali ambapo ningekaa.

Kambo nilimkuta uani, kwenye kiti kilekile, macho yamefifia, masikio yamebaki ya askari. Mpera bado mweupe. Nilipomwambia, hakupiga kigelegele. Aliingia ndani akishika ukuta, akarudi na kopo la pauda. Kopo lilikuwa limefifia rangi. Alilinunua wiki niliyoanza masomo ya jioni, akaliweka chini ya mto wake, na hakuna mtu aliyejua.

"Inama, bwana yangu," akasema. Ndivyo wanavyotuita, hawa kambo zetu, wajukuu wao wa kiume.

Nikapiga magoti. Alinimwagia kopo zima, nusu kichwani, nusu masikioni. Nilipiga chafya mpaka kuku wakakimbia. Kisha mikono yake miwili ikakishika kichwa changu, ikatulia hapo, haitaki kuondoka.

"Sasa na weye utaenda wapi?"

"Minye niko hapa, kambo. Kesho niko na balbu za kuuzisha."

Hakuondoa mikono. Na mimi, mzee mzima, ujumbe wa kufaulu mfukoni, nikauliza nilichokuwa sijawahi kuthubutu kuuliza tena tangu ile jioni ya moshi.

"Kambo, mjomba, ni nani alimukamata?"

"Nani alikuambia alikamatwa?"

"Weye. Ulisema Math-Physique njo ilimukula. Na umeme ikarudia palepale."

Alicheka mpaka ikabidi nimshike asianguke kitini.

"Bwana yangu, umeme inatoka ku maji ya Lufira. Unauzisha balbu na haujue?"

Kisha kicheko kikamwisha. Akanipangusa pauda kwenye nyusi kwa kidole gumba, upande mmoja, halafu upande mwingine.

"Mjomba yako hakukamatwa na muntu. Hapa hapakukuwa kazi ya ile alisoma. Alipata kazi mbali, akapanda lori asubuhi, minye mwenyewe nilimufungia chakula. Mwanzo alikuwa anatuma habari. Kiisha akaacha. Njo vile Math-Physique ilimukula."