Swichi ya Pikapu ya Baba

Niseme mapema ili tusipotezeane muda: swichi ya pikapu ya baba, ile ya kuwashia kwa ufunguo, ilikuwa inatengenezeka. Spea ilikuwepo Mkuyuni, fundi alikuwepo, na kazi yenyewe haizidi saa moja. Aliyekuwa anazuia ni mimi. Nilimdanganya baba yangu mzazi kwa wiki tano nzima, namtazama usoni kabisa, nikimwambia spea inatoka Dar.

Baba alikuwa dereva wa ofisi, wale wa shati lililopigwa pasi na kuwafungulia wakubwa mlango. Zaidi ya miaka thelathini: Shinyanga, Musoma, Bukoba kwa kuzunguka ziwa. Alipostaafu akachukua pikapu iliyokwisha kuchoshwa na wengine, akajenga Buswelu wakati Buswelu bado ni mihogo na mawe, akawa anawabebea watu mahindi na mchanga. Mama alipofariki nilihama chumba changu cha Mkuyuni, ambako ninashona nguo, nikaja kukaa naye. Wadogo zangu wako mbali, mmoja Dar, mmoja Nansio. Wote wawili ni hodari sana wa kushauri kwa simu.

Siku moja alitoka kwenda kununua mkate. Zikapita saa mbili, tatu, simu yangu ikaita. Mama mmoja muuza samaki, simjui, anapiga kwa simu ya baba. "Njoo umchukue mzee wako huku Igombe, anauliza njia ya kwenda Buswelu." Nikachukua bodaboda. Nilimkuta amekaa nyuma ya usukani, vioo vimepandishwa, anatazama ziwa, amekasirika. "Wamehamisha barabara," akaniambia. Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania, na Igombe amekwenda kununua samaki tangu sijazaliwa.

Mara ya pili nilikuwemo garini. Watoto wa shule walikuwa wanavuka. Baba aliwaona, naapa aliwaona, lakini mguu wake haukufanya kitu. Nikaushika usukani nikauvuta, tukaingia mtaroni. Watoto wakakimbia wanacheka, walidhani ni mchezo. Mimi siwezi hata kufungua mlango. Baba akanigeukia akasema, "Usishike usukani wa mtu."

Najua utasema: si ungemnyang'anya funguo tu? Haya, njoo wewe umnyang'anye. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba hawezi. Unaweza kumfichia, kumzungusha, kumwitia mchungaji aje aseme kwa mafumbo, lakini neno lenyewe, "baba, huwezi tena," nani alitamke? Mdogo wangu wa Dar akaniambia, "Dada, wewe ndiye uko naye, mwambie kwa upole." Nikamjibu, "Panda basi uje umwambie mwenyewe kwa upole." Ghafla mtandao ukaanza kumsumbua.

Ndipo swichi ikachoka. Pale unapochomeka ufunguo palikuwa pamelika, na ufunguo wenyewe meno yamekuwa bapa. Baba alikuwa anauingiza, anautikisa, anaurudisha kidogo, anaubonyeza, anauzungusha, krr, krr, hakuna kitu. Mwanzoni ilikubali baada ya dakika tano. Kisha nusu saa. Kisha ikawa inagoma mpaka mchana. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Hatimaye kimepatikana kitu cha kumwambia hapana, na si mimi.

Baba akamwita fundi umeme wa magari kutoka Mkuyuni, mtu mzima mwenye heshima zake, namfahamu kwa sababu banda lake liko jirani na cherehani yangu. Akachungulia, akatikisa kichwa. "Mzee, hii imeisha. Na ufunguo nao umelika. Tukichonga mwingine kwa kufuatisha huu, tutachonga ubovu uleule. Tubadilishe vyote." Baba akasema badilisha. Fundi alipotoka nikamfuata nje ya geti.

"Fundi, nakuomba hiyo swichi usiipate."

"Nisiipateje, dada? Zimejaa. Ninayo moja dukani sasa hivi."

Nikamweleza ya Igombe na ya watoto. Alinisikiliza huku anachokonoa ardhi kwa kiatu. Kilichomuuma si habari ya watoto tu, ni jina lake pia. "Unataka mzee aone kwamba mimi fundi mzima sijui pa kupata swichi ya pikapu? Aende asimulie huko?" Nikambembeleza, karibu nipige magoti. Akakubali wiki moja.

Wiki moja ikawa tano. Kila siku baba anakunywa chai, anavaa shati safi, anakwenda kwenye pikapu, anaanza krr, krr yake. Akichoka anapiga kelele kutoka kule, "Imefika?" Nami kutoka jikoni, "Bado baba, iko Dar." Siku nyingine anauliza, "Dar gani hiyo?" Nami nashika sufuria.

Na usidhani mimi nilikuwa huru. Nikienda Mkuyuni, je, swichi ikikubali kwa bahati? Itatokea siku nisiyokuwepo, nilijua tu. Wateja wangu wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, wengine hata hawakuaga. Nikawa nakaa barazani nashona kwa mkono, masikio yako uani. Krr. Nasimamisha sindano. Krr. Ikinyamaza natoa pumzi. Siku ile ile, ua ule ule, geti limefungwa na mimi ndiye niliyelifunga. Nilikuwa nimemchoka baba yangu, na nilikuwa najichukia kwa kumchoka.

Halafu ikaja Alhamisi moja ya jua kali. Ufunguo ulizunguka hatua moja, ile ya kuwasha redio, ukakwama hapo hapo. Hauendi mbele, haurudi nyuma, hautoki. Mchana nikamwita.

"Baba, njoo ule."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Ufunguo haujatoka."

Nikadhani anatafuta sababu. Kumbe mwenzangu amemaanisha. Dereva haachi gari na ufunguo ndani, aliniambia, yeye hajawahi na hataanza leo, mwenzake mmoja alifukuzwa kazi kwa hilo. Nikamwambia baba, pikapu iko ndani ya ua, geti lina kufuli, nani ataiba mzigo wa chuma usiowaka? "Wewe si dereva," akasema, akazima redio ili betri isiishe. Nikampelekea ugali na sato palepale. Nilimnawisha kwa birika, mikono ameitoa dirishani, akala sahani iko mapajani. Alipotaka kwenda chooni alinikalisha kwenye kiti chake, akanionya nisiguse chochote, akaenda, akarudi, akaniondoa. Ningekuwa na moyo mwepesi siku hiyo ningecheka hadi nilie.

Lakini jua lilikuwa linapiga bati la pikapu bila huruma. Nikatandika khanga kwenye kioo cha mbele, nikafungua milango yote miwili, wapi! Shati lake lililowa mpaka likaganda mgongoni. Midomo ikakauka. Maji anakunywa nusu glasi anarudisha. Ilipofika saa tisa akatazama geti, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkutano wao leo unachelewa." Hapo nikaogopa. Mkutano gani? Wakubwa gani? Alikuwa anamngojea mtu ambaye labda ameshakufa, na angemngojea mpaka azimie kwenye kile kiti. Nikampigia fundi, nikamwambia njoo unitolee ufunguo, njoo sasa hivi.

Alikuja na begi lake. Alimsalimia baba kwa adabu, akainama chini ya usukani, akatafuta kitundu kidogo pembeni ya swichi, akabonyeza kwa msumari mwembamba. Swichi ikachomoka nzima, ufunguo umeng'ang'ania ndani yake. Baba akaipokea, akaigeuza kiganjani. "Kumbe ni kadogo hivi," akasema.

"Asante fundi," nikawahi. "Basi, inatosha."

Fundi hakuinuka. "Dada, nikiliacha hivi pamebaki tundu. Mtu akiingiza bisibisi tu, linawaka."

"Na bisibisi ninayo," baba akasema. Hakusema kwa kunitisha, alisema tu kama dereva anayejua gari lake. Nikamtazama fundi, fundi akanitazama. Jamani, nilikuwa nimebanwa kila upande. Nikamwambia weka.

Akatoa boksi begini. Baba akaliomba alitazame. Akapuliza, vumbi likaruka, akapangusa kwa kidole, akakiangalia kile kidole. "Mzigo uliofika leo kutoka Dar," akasema, "hauna vumbi hivi." Fundi akajifanya anatafuta koleo. Mimi nikatazama mbali. Baba akamrudishia boksi.

Kazi ilikwisha haraka. Funguo zilikuwa mbili, mpya, zimefungwa pamoja kwa waya. Nikanyoosha mkono kuzipokea. Fundi akanipita, akampa baba kwa mikono miwili, jinsi unavyompa mzee kitu chake. Siwezi kumlaumu, hata mimi ningefanya hivyo.

Baba akachomeka, akazungusha mara moja. Ikawaka. Wala haikusumbua! Sura yake ikafunguka, uso ambao sikuuona tangu tumzike mama. "Sikia!" akaniambia, "sikia injini ilivyo nzima!" Fundi akacheka, na mimi nikacheka, Mungu wangu, nilicheka kweli. Kisha baba akafunga mlango, akaingiza gia, akaonyesha mbele kwa kidevu.

"Fungua geti."

Sikufungua. Nilikwenda nikasimama mbele ya boneti, nikaweka mikono juu yake, inaunguza. Akapiga honi. Nikabaki. Akapiga tena ndefu, mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Na injini inanguruma, kwa hiyo lile neno nililoogopa kulisema hata kwa kunong'ona nililisema kwa kupaza sauti, mbele ya mtu baki.

"Spea ilikuwepo, baba! Ni mimi niliyekataa! Huwezi tena kuendesha! Utaua mtoto wa mtu!"

Mguu wake ulikuwa uleule wa siku ya watoto. Nililiwaza hilo nikiwa nimesimama pale, kwamba anaweza akaniona vizuri kabisa na mguu usifanye kitu. Fundi alikuwa amekwishaacha kila kitu, anasema "mzee, mzee" kwa sauti ndogo. Nilikuwa nalia kwa hasira, sijui hasira ya nani.

Baba akazima. Ufunguo ukatoka bila tabu yoyote. Akashuka, akafunga mlango, akauvuta kuhakikisha umefunga. Akaizunguka pikapu, akatazama matairi, moja baada ya jingine. Kisha akanijia na funguo zote mbili juu ya viganja, kichwa amekiinamisha kidogo. Ndivyo madereva wa ofisi wanavyokabidhi gari jioni.

"Mafuta robo tanki," akasema. "Tairi la nyuma kulia linapungua upepo."

Nikazipokea. Akaingia ndani kuoga. Fundi alikataa hata kunywa maji, akabeba begi lake akaondoka. Usiku, baada ya kula, nikampigia mdogo wangu wa Dar nikamwambia nimemwambia. Akasema afadhali. Akasema anavyomjua baba, ataelewa.

Asubuhi nikachukua chai nikampelekea barazani. Shati safi, vifungo vimefungwa mpaka juu. Hakuwa amekwenda kwenye pikapu, wala hakuitazama. Kabla sijafungua mdomo, aliponiona nakuja, alisimama. Baba yangu alinisimamia mimi. Akakutanisha mikono mbele, akasema:

"Shikamoo."

Nikamtafuta usoni. Kama ananikejeli, ningeona. Kama ananiadhibu, ningestahili, na ningeomba radhi. Kama amenisahau, akaniona ni mkubwa fulani wa ofisini, pia ningejua la kufanya. Sikuona kitu, uso umetulia tu.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Ni mwanao."

Hakukaa. Miguu ilikuwa imeanza kumtetemeka, mkono mmoja anatafuta ukuta, lakini mtu mwenye adabu hakai kabla hajaitikiwa.

"Shikamoo," akarudia, taratibu zaidi, kama kwa mtu ambaye labda hakusikia vizuri.

Chai ilikuwa inanimwagikia vidoleni.

"Marahaba," nikasema.

Akakaa, akavuta kikombe.