Mama Dancille, Kisabo na Remix ya Gentil

Mama Dancille wa Mushaki alikuwa na majivuno mawili, na yote mawili aliyaita unyenyekevu. Kwanza, hakuna mwanamke kwenye kilima kile aliyemshinda kutoa mafuta ya ng'ombe kwenye maziwa. Pili, yeye ndiye présidente, kiongozi wa bamama wa kanisa, na neno lake likitoka limetoka. Ikafika siku majivuno hayo yakagongana, na aliyeumia katikati ni yeye mwenyewe.

Kisa kilianza na Gentil, mtoto wa marehemu dada yake, anayekaa Sake na ordinatere yake, kompyuta ya kutengenezea muziki. Alipanda kumsalimia, akamkuta anasuka maziwa: kisabo, kile kibuyu kikubwa, kinakwenda mbele na nyuma juu ya mapaja, na yeye anaimba wimbo wake wa kubembeleza mafuta yaje. Gentil akamrekodi. Alizunguka hivyo kwa bamama wengine pia, na miezi mitatu baadaye akatoa albamu nzima ya remix: nyimbo kumi za kusukia maziwa, chini yake ngoma za umeme, du-du-du-du, kama moyo wa mtu anayekimbizwa na fahali. Kufumba na kufumbua, kila pikipiki iliyopita Mushaki ilipita ikiipiga.

Mama Dancille aliitisha mkutano. "Sauti ya bamama bakristu banaitia mu muziki ya baa!" alifoka. "Kuanzia leo, hakuna mama atasikiliza ile kintu!"

Wa kwanza kuinua mkono kumuunga alikuwa Mukarugwiza, mama wa mkwe wake, mwanamke asiyesahau kosa la mtu. Wengine wote wakafuata. Hakuna aliyepinga.

Halafu Mama Dancille akaenda nyumbani, akafunga mlango, akaisikiliza kwenye simu. Ili aujue ubaya wake vizuri, alijiambia. Lo! Wimbo wa tatu ulikuwa yeye. Miaka thelathini ameimba, na msikilizaji wake ni kibuyu. Sasa sauti yake ilikuwa inapanda peke yake, ngoma zimenyamaza zinaingoja, kisha zikaanguka zote kwa pamoja, pu! Kidevu kikaanza kutikisika chenyewe. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akaurudia mara saba, kwa ajili ya uchunguzi.

Wiki mbili zikapita hivyo, uchunguzi hauishi. Ndipo binti yake Umugwaneza akajifungua, huko kwa Mukarugwiza, ng'ambo ya kilima. Na desturi ni desturi: mama humwendea binti yake na mafuta aliyoyasuka kwa mkono wake mwenyewe, mtoto apakwe. Ukienda mikono mitupu, binti yako atasemwa katika nyumba ile mpaka azeeke. Safari ikapangwa Jumamosi.

Jumatatu alikaa kusuka, écouteurs za simu zimefichwa masikioni chini ya kitambaa cha kichwa. Mafuta hayakuja. Jumatano likaja povu. Ijumaa likaja povu tena, tena la uvuguvugu. Akamgeukia mume wake, Rukundo.

"Ng'ombe zako ziko na nini? Unazilisha nini?"

Rukundo alinusa maziwa, akaonja. "Ng'ombe haziko na shida. Lakini, mama, juu ya nini unasuka mbio sawa muntu anatwanga majani ya sombe?"

Mama Dancille akaitazama mikono yake. Ilikuwa inakwenda du-du-du-du. Yesu wangu! Mafuta yanataka polepole, ukiyakimbiza yanatawanyika. Hata msichana wa miaka kumi anajua. Na ni yeye, yeye mwenyewe, aliyewaambia wasichana wa Mushaki kila siku kwamba haraka haraka haina baraka. Alitamani ajipige kofi. Na maziwa yaliyoganda yalikuwa yamekwisha, safari ni kesho.

Jumamosi alikwenda na chungu kitupu. Njia nzima alikuwa anapanga uongo: ng'ombe anaumwa, chungu kilimwagika. Alipofika, bamama walikuwa wamekwisha kukaa, na Umugwaneza amembeba mtoto, anamtazama mama yake kwa fahari.

"Karibu, mama," alisema Mukarugwiza. "Mafuta iko wapi?"

Uongo wote ukamkauka mdomoni.

"Sina mafuta," alisema Mama Dancille. "Nilisuka na remix mu masikio, mafuta ikakataa. Miye njo niliikataza, na miye njo ninaisikilizaka kila siku. Aibu iko yangu. Musibebeshe mutoto wangu."

Umugwaneza aliinamisha kichwa. Mukarugwiza akasimama, akaingia ndani. Mama Dancille alijua anakwenda kumwita mume wake, jambo lifike kwa wanaume, liwe la ukoo mzima.

Mukarugwiza alirudi amebeba kisabo chake. Akakifungua, akakiinamisha watu waone. Povu tupu.

"Iko wiki ya pili," alisema. "Mume wangu anafikiri ni majani ya ng'ombe."

Bamama wengine wakaanza kuchunguza vidole vya miguu yao, mmoja mmoja. Halafu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na nyumba nzima ikalipuka.

"Iko maziwa ingine pale kwa kona," Mukarugwiza alisema akipangusa macho. "Kamata, Mama Dancille. Imba na kinywa yako. Polepole."

Akakaa, akaimba, kisabo kinakwenda na kurudi. Muda mrefu ulipita kabla sauti ya ndani ya kibuyu haijabadilika, mafuta yakaanza kukusanyika na kugonga. Umugwaneza akainua kichwa, akatabasamu. Mama Dancille akaongeza sauti kidogo, kifua kimejaa, anangoja asifiwe.

Mukarugwiza alikuwa amesikiliza wimbo wote, kichwa upande.

"Kusema kweli, mama," alisema, "mu remix unaimbaka muzuri zaidi."