Nilinakili upya daftari la mama mdogo ili lipendeze, mkaguzi wa kodi akalitaka lile chafu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenipata mwenyewe na sijayapaka rangi. Nimeufuta uzi huu mara nne, sasa naurusha hivyo hivyo.

Naishi Tabata kwa mama mdogo, ana ofisi ya kushona na mafundi watatu. Mambo ya kodi namshughulikia mie. Sijasomea. Nilijifunza kwenye video za jamaa mmoja anayewafundisha Wakanada wenzake.

Sheria zao si zetu, ila misingi inakaribiana. Mapato ni yote yaliyoingia. Gharama ni ulichotumia kuyapata: vitambaa, nyuzi, ujira. Ukitoa, inabaki faida, na hiyo ndiyo inakatwa kodi. Ritani ni maelezo yako mwenyewe ya hayo yote.

Video ya ukaguzi niliiruka. Neno lenyewe lilinitisha.

Basi ikaja barua ya watu wa kodi: tutapita kukagua hesabu za mwaka jana.

Daftari letu lilikuwa na mafuta ya cherehani, tarehe zimekatwakatwa, na saini za mafundi kila walipolipwa. Niliona aibu. Nikanunua jipya, nikanakili mwaka mzima kwa rula na kalamu moja. Nikikosea herufi, nachana ukurasa.

Na saini nikazinakili. Moja moja. Nilijiona fundi kweli.

La zamani nikampa Bi Zuhura, jirani muuza vitumbua, karatasi zake akafungie wateja.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo. Nikamwamkia, akaitikia, akafunua kurasa taratibu.

"Mwanangu, mafundi watatu, mbona mkono mmoja?"

Mama mdogo akanigeukia.

"Nilinakili, mama. Lile lilikuwa chafu."

"Hilo chafu ndilo nililolifuata. Liko wapi?"

Nilitoka mbio, kandambili moja ikabaki mlangoni.

"Lile daftari?" Bi Zuhura akacheka. "We mtoto, watu wameshakula Januari mpaka Mei!"

Nikarudi na kurasa za Juni mpaka Desemba, zinanuka iliki.

Mkaguzi akawaita mafundi wasaini mbele yake, akalinganisha. Miezi hiyo saba ikapita. Ujira wa ile mitano ukakataliwa kwa kukosa kielelezo, ukahesabiwa kama faida. Kodi ikapanda. Mama mdogo akauza mashine yake ya kudarizi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mie sikuwa nimeiba, baba. Ila saini zile zimenifanya nifanane na mwizi."

Bado inaniuma.

Nilichojifunza: ukaguzi si mashtaka, ni kulinganisha ulichosema na ushahidi wake. Ukikosea, kata mstari, andika pembeni. Cha mwanzo usikitupe.

Jana fundi mmoja kamwagia chai daftari la mwaka huu. Vidole vikaniwasha kulinakili upya. Nikalianika juani, mchana likakauka na doa lake, mama mdogo akanipa kalamu niendelee.

Nyie mliowahi kukaguliwa, ile miezi mitano kuna namna ya kuitetea? Nisaidieni, hata kwa kunisema.