Mama Mkwe na Samaki Simba

Mama mmoja, fundi cherehani, alifikisha miaka hamsini na ushei bila kuingia baharini kupita magoti, ingawa mawimbi aliyasikia kila siku akiwa chumbani anashona. Mkwewe, mume wa binti yake, kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni kupiga mbizi kwenye matumbawe. Wawili hao waliheshimiana kupita kiasi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Basi, hapo maneno yameisha.

Daktari aliposema mgongo ule uliopinda juu ya cherehani unataka kuogelea, binti alidakia, "Mwalimu si huyu hapa?" Mkwe akapatwa na kikohozi. Mama akakumbuka ghafla kwamba ana nguo ya mteja.

Lakini maumivu hayana haya. Alijifunza, akaweza kuelea, na asubuhi moja mkwe akampeleka ukingoni mwa matumbawe, kila mmoja na miwani yake na mrija wa kupumulia. Alipoona sakafu inadidimia chini yake, mama alianza kutapatapa. Mkwe akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Nishike, bwana! Nikizama utamwambia nini mkeo?"

Akamshika. Chini ya mwamba alining'inia samaki simba, tumbo juu, mistari myekundu na myeupe, mapezi yamejipanga kama marinda yaliyotoka kupigwa pasi sasa hivi. Mama akasahau mgongo. Samaki akageuka taratibu, akatandaza yale marinda, akavisukumia vidagaa pembeni kama mtu anayefagia. Kufumba na kufumbua, kimoja hakipo.

Mama alipiga ukelele ndani ya mrija, akanywa bahari, wakaibuka.

"Umemwona? Kakimeza kizimakizima!" alisema huku akikohoa. "Ngoja nimguse lile rinda, kidogo tu."

"Thubutu, mama! Miiba yake ya mgongoni ina sumu. Nitarudi nyumbani na nani?"

Walicheka mpaka miwani ikaingia maji, kisha wakarudi chini kumtazama tena.

Mchana binti alipotoka kazini, alimkuta mteja amesimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, anasubiri gauni na hakuna anayemjali. Ndani, mama amenyanyua mikono yote miwili, vidole vimetawanyika, anazunguka meza ya kukatia.

"Polepole zaidi, mama," mkwe alikuwa anamsahihisha. "Yule hana haraka kabisa."